Msasa, kopo la rangi na mlango wa Land Rover

Nimekuwa kimya wiki mbili. Walioniuliza kulikoni, poleni. Nilikuwa likizo nyumbani Izimbya, Bukoba Vijijini, nikisugua mlango wa gari kwa msasa.

Gari lenyewe ni Land Rover ya zamani ya baba mkubwa. Rangi nyeupe ya mlango wa dereva ilikuwa imeanza kubanduka. Fundi wa mjini alitaja bei, mzee akacheka tu. Mimi nikajitia ujuzi: nikanunua makopo manne ya rangi ya kupuliza, nikasema kazi hii nitaimaliza uani, pembeni ya migomba.

Hilo kopo lina historia yake. Zamani gari lilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kukausha kulikula wiki kadhaa. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ikatoa Duco, rangi ya kupuliza inayokauka haraka, na viwanda vikapumua. Kopo la kupuliza nalo lilibuniwa na Mnorwe, Erik Rotheim, miaka ya 1920, lakini lilienea kwa sababu ya vita. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani walipewa makopo ya dawa ya kuua mbu wa malaria. Rangi ilikuja kutiwa humo mwaka 1949, na Edward Seymour wa jimbo la Illinois. Kwa hiyo ninyi mnaopulizia bampa zenu mnatumia silaha ya mbu!

Land Rover nayo ni mtoto wa vita. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Za kwanza zilikuwa za kijani tu, rangi iliyobaki kwenye maghala ya ndege za kivita.

Hiyo aluminiamu ndiyo iliyoniumbua. Siku ya kwanza nilisugua kona ya chini mpaka bati tupu, nikapiga praima ya kawaida, kisha rangi. Kesho yake ilibanduka kama ganda la ndizi mbivu. Kumbe aluminiamu inataka praima yake maalumu, yenye asidi kidogo ya kung'ata bati. Tena Bukoba mvua haina adabu: ukipulizia hewa ikiwa na unyevu, rangi inafifia na kuwa na ukungu mweupe.

Nikaanza upya, safari hii kwa msasa laini na maji. Chini ya nyeupe kikatokea kijani kilichofifia, chenye mistari ya brashi. Chini ya kijani, bluu. Nikamwita baba mkubwa aone.

Alikitazama kile kijani muda mrefu. "Mwanangu, hiyo ni ya vita," akasema.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto na kulivunja daraja la Kyaka. Serikali yetu ikakusanya malori, mabasi na magari ya watu binafsi kubeba askari na mizigo. Land Rover ya bluu ya mzee ikachukuliwa, pamoja na dereva wake, kijana wa hapa hapa kijijini. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Gari likarudi, limepakwa kijani kwa brashi. Dereva hakurudi.

"Mama yake alikuwa akipita hapa kwenda kisimani," mzee akaniambia. "Kila akiliona anasimama. Ndiyo maana nililipaka nyeupe."

Mimi nimesoma vita vya Kagera darasani. Nimeviandika gazetini zaidi ya mara moja: makamanda, mizinga, madaraja. Sijawahi kuandika habari ya dereva hata mmoja. Na nilikuwa nimebakiza nusu saa tu niufute ushahidi wake kwa msasa wa shilingi mia chache.

Nikamuuliza mzee nifanyeje. "Paka, lakini usisugue mpaka chini."

Mafundi nao watakwambia hivyo hivyo. Rangi ya zamani ikiwa imeshika vizuri, huna haja ya kuitoa yote. Toa mng'ao, futa vumbi, weka praima ya kung'ata pale tu bati lilipo tupu. Tikisa kopo dakika mbili, lishike umbali wa sentimita 25 hivi, piga matabaka mepesi, subiri kati ya moja na jingine. Na funika pua.

Mlango sasa ni mweupe. Upande wa ndani, karibu na bawaba, nimeacha kipande cha kijani upana wa kiganja. Mama wa yule kijana alishafariki, hakuna wa kukiona akaumia. Jina lake nimeliandika kwenye daftari langu, na safari ijayo nitakwenda kuomba ruhusa kwa ndugu zake nilichapishe.

Kwenu kuna gari bovu uani? Kabla hujashika msasa, waulize wazee.