Kabla ya Buffon, Kulikuwa na N'Kono

Kila baada ya miezi kadhaa ile picha hurudi mitandaoni. Unaijua. Upande mmoja Gianluigi Buffon, upande mwingine msee Mwafrika amesimama golini na suruali ndefu ya mazoezi. Chini wameandika kwamba Buffon alikuwa mtoto wa miaka 12 anayecheza kiungo, akamwona golkipa wa Kamerun kwenye Kombe la Dunia la 1990, akaamua yeye pia ni kipa. Baadaye mtoto wake wa kwanza akamwita Louis Thomas, kwa heshima ya Thomas N'Kono. Watu wanaweka bendera za Afrika, wanasambaza, wanasonga.

Stori ni ya kweli. Na kwa Buffon mimi sina neno, jamaa alimheshimu mwalimu wake hadharani. Shida yangu ni venye sisi tunaisimulia. Ni kama N'Kono alizaliwa siku Buffon aliwasha televisheni. Ni kama kazi yake yote ilikuwa kumwamsha mtoto wa Kiitaliano, halafu arudi nyumbani alale. Kwa hivyo leo wacha tuipange hii historia kutoka mwanzo.

Lakini kwanza tuongee ukweli wa mtaani. Ukikulia Nairobi unajua golkipa huchaguliwaje. Hachaguliwi. Wakali wawili wanagawana wachezaji, mmoja mmoja, na yule anabaki mwisho, yule mnene, yule mdogo, yule kiatu kimeachana na soli, anaambiwa, "Wewe kaa goli." Mimi ndio nilikuwa huyo. Nilikaa goli karibu miaka mitatu nyuma ya ploti yetu, katikati ya mawe mawili, juu nilikuwa mnene na nilikuwa naogopa kusema hapana. Ukiokoa kumi hakuna mtu anaongea. Ukiachilia moja unasikia, "Umechoma!" na hilo jina linakufuata mpaka dukani ukitumwa maziwa.

Sasa fikiria mtu kama mimi akikutana na hii habari: kuna golkipa aliwahi kuchaguliwa mchezaji bora wa Afrika nzima. Mara mbili. Nilidhani mwandishi amekosea.

Hakukosea. Miaka ya sabini N'Kono alikuwa anadakia Canon ya Yaoundé, na Canon ya wakati huo ilikuwa noma. Walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka wa 1978, wakarudia 1980. Mwaka wa 1979 jarida la Ufaransa, France Football, ambalo ndilo lilikuwa linatoa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika, likampa N'Kono. Si strika. Si namba kumi. Golkipa, na wa klabu ya nyumbani. Hakuwa amekanyaga ligi yoyote ya Ulaya. Mwaka huo Buffon alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, pengine anajifunza kutembea.

Alishinda tena 1982. Badou Zaki wa Moroko akashinda 1986. Tangu hapo hakuna golkipa mwingine amebeba tuzo hiyo kubwa. Sai makipa wametengewa tuzo yao, pembeni. Hata kwenye sherehe bado tunawaambia wakae goli.

Twende 1982, Kombe la Dunia, Uhispania. Ili uelewe uzito wake, kumbuka Zaire walikuwa wameenda Ujerumani Magharibi 1974 wakafungwa mabao 14 kwa mechi tatu, tisa kati ya hayo na Yugoslavia kwa siku moja. Tunisia walijitetea vizuri 1978 na wakapiga Mexico 3-1, lakini kwa watu wengi Ulaya picha iliyobaki kichwani ni ile 9-0. Timu ya Afrika ilikuwa kitu cha kuchekwa. Kamerun wakaingia kundi moja na Italia, Poland na Peru, mara yao ya kwanza kabisa.

Peru 0-0. Poland 0-0. Hiyo Poland ndiyo ilimaliza mashindano nafasi ya tatu duniani. Halafu tarehe 23 Juni, mjini Vigo, Italia. Kipindi cha pili Graziani akapiga kichwa, mpira ukapaa, N'Kono akataka kurudi nyuma kuufuata, mguu ukateleza. Goli. Muda mfupi tu baadaye M'Bida akasawazisha, mechi ikaisha 1-1.

Italia na Kamerun wote walikuwa wametoka sare mara tatu, wote wana pointi tatu, wote tofauti ya mabao ni sufuri. Italia walikuwa wamefunga mabao mawili, Kamerun moja. Basi. Kamerun wakarudi nyumbani bila kushindwa hata mechi moja, na Italia wakaendelea mpaka wakabeba kombe lenyewe. Wale waliobeba dunia walipita mbele ya Kamerun kwa goli moja tu.

Mtaani kwetu hiyo mechi ingekumbukwa kwa ule mguu ulioteleza. "N'Kono alichoma." Mechi tatu, bao moja, dhidi ya bingwa wa dunia na mshindi wa tatu, na bado tungesema alichoma. Wahispania waliokuwa wanaangalia waliona kitu kingine. Mwaka huo huo Espanyol ya Barcelona ikamsajili.

Hapa tulia kidogo. Siku hizo klabu ya Uhispania iliruhusiwa wageni wachache sana, si kama leo. Ukipata nafasi ya mgeni unanunua mtu wa kufunga. Ni msimu ule ule ambao majirani zao, FC Barcelona, walimleta Maradona. Na Espanyol nafasi yao wakaitumia kwa golkipa Mwafrika. Golkipa! Halafu akakaa hapo tangu 1982 mpaka mwanzo wa miaka ya tisini, zaidi ya mechi 200 za ligi. Msimu wa 1987-88 wakaingia UEFA Cup, wakaitoa AC Milan, wakaitoa Inter, wakafika fainali na Bayer Leverkusen. Mechi ya kwanza nyumbani walishinda 3-0. Ya pili Ujerumani wakafungwa 3-0, na penalti zikawaendea vibaya, 3-2. Kombe lilikuwa mkononi likaponyoka. Mwaka uliofuata klabu ikashuka daraja.

Kwa hivyo N'Kono aliyeenda Italia 1990 alikuwa msee wa karibu miaka 34, ametoka kucheza msimu mzima daraja la pili Uhispania. Na hakuwa hata anatarajiwa kucheza.

Hii ndiyo sehemu ile picha ya mitandaoni huwa haisemi. Kamerun ilikuwa na makipa wawili wa kiwango cha juu kwa wakati mmoja: N'Kono na Joseph-Antoine Bell, aliyekuwa anacheza Ufaransa. Kwa miaka mingi mmoja alipoanza, mwingine alikaa benchi. Ilikuwa vita, lakini vita ya wakali. 1990 ilikuwa zamu ya Bell. Halafu Bell, ambaye hakuwa mtu wa kumeza maneno, akakosoa maandalizi ya timu kwenye mahojiano na gazeti. Akaondolewa. Mechi ya ufunguzi ilikuwa dhidi ya Argentina, mabingwa watetezi, Maradona yule yule, na N'Kono akajua anacheza wakati ambao wengine walikuwa tayari washajipanga kichwani.

Tarehe 8 Juni 1990, San Siro, Milan. Kana-Biyik akapewa kadi nyekundu. Dakika ya 67 ndugu yake, Omam-Biyik, akaruka akapiga kichwa, kipa wa Argentina ukamponyoka. Karibu na mwisho Massing naye akatolewa. Kamerun wakamaliza wakiwa tisa, na nyuma ya hao tisa alikuwa mzee wa suruali ndefu ambaye asubuhi yake alikuwa kipa wa benchi. 1-0.

Baadaye wakapiga Romania 2-1. Wakapigwa na Wasovieti 4-0, na hiyo siifichi. Tarehe 23 Juni, miaka minane kamili baada ya Vigo, wakapiga Kolombia 2-1 katika muda wa ziada, ile mechi Roger Milla alimpokonya Higuita mpira mbali na goli. Sisi wote tunamkumbuka Milla na kucheza kwake pale kwenye kibendera cha kona. Mimi nakukumbusha kwamba siku hiyo kulikuwa na makipa wawili uwanjani, mmoja alitoka kupiga chenga, mwingine alikaa kazini. Robo fainali na Uingereza walikuwa wanaongoza 2-1 zikiwa zimebaki chini ya dakika kumi, halafu penalti mbili za Lineker, 3-2. Hakuna timu ya Afrika ilikuwa imewahi kufika hapo.

Hiyo ndiyo Kamerun mtoto Buffon aliona. Alichokiona ni mwisho mwisho wa kazi ya mtu, na huo mwisho peke yake ulitosha kumgeuza kuwa mmoja wa makipa wakubwa zaidi waliowahi kuishi. Sasa jiulize mwanzo ulikuwaje.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma. Februari 2002, Bamako, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Mali na Kamerun. N'Kono sasa ni kocha wa makipa. Kabla ya mechi polisi wakamkamata pale pale uwanjani, wakamfunga pingu, wakimshuku kwamba ameweka uchawi kwenye nyasi. Mchezaji bora wa Afrika mara mbili. Anaburutwa mbele ya mashabiki Waafrika.

Kamerun walishinda hiyo mechi 3-0, wakaishinda Senegal kwa penalti kwenye fainali, wakabeba kombe. Na sasa sikiza: katika mechi sita za mashindano hayo, Kamerun hawakufungwa bao hata moja. Sufuri. Golini alikuwa Alioum Boukar, na aliyekuwa anamfundisha ni huyo mtu wa pingu. Kama unatafuta uchawi, uko hapo. Ni saa nyingi za kudaka, kuanguka, kuinuka, kudaka tena, bila mtu wa kukupigia makofi.

Tuliona kazi tukaita uchawi, juu hatujawahi kuamini kwamba kukaa goli ni kazi. Mtaliano aliamini.

Na matunda ya N'Kono si Buffon peke yake. Jacques Songo'o, kipa wa tatu wa Kamerun 1990 nyuma ya hao wakali wawili, alienda Deportivo La Coruña, akachukua tuzo ya kipa aliyefungwa mabao machache zaidi Uhispania msimu wa 1996-97, na mwaka wa 2000 wakawa mabingwa wa ligi. Carlos Kameni alidakia Kamerun iliyoshinda dhahabu ya Olimpiki Sydney 2000 akiwa na miaka 16, na baadaye akawa kipa wa Espanyol kwa miaka, klabu ile ile ya N'Kono. André Onana alicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa 2023 na Inter. Hiyo ni nchi moja. Makipa hawaoti tu hapo kama nyasi. Mtoto wa Yaoundé aliona mkali amevaa glavu, akaona wakali wawili wanagombania glavu hizo, akajua hiyo ni nafasi ya watu wakubwa.

Huku kwetu mtoto anaona nini? Anaona mimi, mnene, nimesimama kati ya mawe mawili nikisubiri kutukanwa. Halafu baadaye tunakuja kushangaa kwa nini mpira wa krosi unaingia na kila mtu anamwangalia mwenzake.

Jumapili iliyopita nilipita pale nyuma ya ploti. Mawe bado ni yale yale. Golini kulikuwa na katoi ka miaka tisa hivi, soksi zimevaliwa mikononi kama glavu. Akadaka moja safi, chini kabisa, kwa hiyo kokoto. Hakuna mtu alisema kitu. Nikapiga makofi peke yangu, wote wakanigeukia wakaniangalia kama mwendawazimu, na katoi kenyewe kakaangalia chini.

Basi hiyo picha ikirudi, na itarudi, isambaze tu. Lakini maelezo yageuze. Usiandike "huyu ndiye aliyemvutia Buffon." Andika: Thomas N'Kono, Canon Yaoundé, Espanyol, mchezaji bora wa Afrika 1979 na 1982. Halafu kama nafasi imebaki, mtaje na Buffon.