Inchi ndogo karibu na jirani mukubwa

Kaskazini ya Bulaya ziko inchi tano: Denmark, Norwe, Uswidi, Ufini na Isilandi. Watu wao ni wachache, mali yao si haba, na raia huchagua wakubwa wao wenyewe. Lakini jirani yao ni Urusi. Basi tunajiuliza: mudogo akae namna gani karibu na mukubwa, asipoteze uhuru wake?

Tuanze na Ufini. Tarehe 30 Novemba 1939 jeshi la Urusi ya Wasovieti liliishambulia. Wafini walipigana sana, lakini katika Machi 1940 wakalazimishwa kutoa sehemu ya inchi. Watu karibu 400.000 wakaacha nyumba zao. Mwaka 1941 waliingia vitani tena, pamoja na Wajerumani, na mwaka 1944 wakashindwa. Walitozwa deni la dola milioni 300, wakalilipa kwa meli, mashini na mbao hadi likaisha mwaka 1952. Mwaka 1948 walifanya mapatano ya urafiki na Urusi, ila serkali yao wakaishika wenyewe.

Na jirani zao? Denmark na Norwe hazikutaka vita, lakini Wajerumani waliziingilia tarehe 9 Aprili 1940. Kwa sababu hiyo, mwaka 1949, pamoja na Isilandi, ziliingia katika mapatano ya NATO. Lakini Norwe iliahidi kutopokea kambi za majeshi ya kigeni wakati wa amani. Uswidi ilibaki inje. Wengi huko waliona kwamba ikiingia, Urusi itaibana Ufini zaidi. Hivi kila mumoja alipima hatua yake, asimukanyage mwenzake.

Tusidanganyike: amani ile ilikuwa na bei. Huko Ufini wakubwa na waandishi walijizuia kusema juu ya Urusi mambo waliyoyajua kuwa kweli. Walinyamaza kusudi inchi ipone. Lakini mutu akizoea kunyamaza, ulimi unakuwa muzito.

Kiisha, katika Februari 2022, Urusi ikaivamia Ukraine. Ufini na Uswidi zikabadili njia: ya kwanza iliingia NATO mwaka 2023, ya pili mwaka 2024.

Sisi tunaofundisha wengine, tusiseme upesi: hawa walikuwa waoga, hawa mashujaa. Kwanza tuulize mupaka wao ulikuwa wapi, na nani alisimama ngambo yake.