Kabla ya kitufe cha "Idhinisha": jalada, dokezo na bajeti za Simiyu

Mpe mwanafunzi wa kompyuta kazi ya kupanga programu ya kupitia na kuidhinisha nyaraka. Mara nyingi ataanza na vitufe viwili: Idhinisha, Kataa. Karani wa masjala angecheka. Mfumo huo serikali tunao tangu enzi za Waingereza, ila uliendeshwa kwa karatasi, wino na miguu ya mhudumu.

Jalada lina pande mbili. Upande mmoja zinakaa barua, kila moja na namba yake ya folio. Upande wa pili ni madokezo: ofisa wa chini anaeleza jambo, anataja folio, anapendekeza, mkubwa wake anakubali, anapinga au anauliza swali. Kila mmoja anasaini na kuweka tarehe. Karani naye anaandika kwenye rejista jalada limekwenda kwa nani. Ukiandika BU na tarehe, masjala inakuletea jalada siku hiyo. Yaani kikumbusho, tena bila umeme! Jalada lisipopatikana, linaandikwa dokezo sabili, karatasi huru itakayounganishwa baadaye (ikikumbukwa).

Ndiyo maana majalada ya Sekretarieti ya Tanganyika, yaliyohifadhiwa Dar es Salaam, ni dhahabu kwa wanahistoria. Barua ya mwisho inakuambia serikali iliamua nini. Madokezo yanakuambia nani alipinga.

Sasa twende Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu mkoani Mwanza. Kwa hiyo anayetafuta maamuzi ya zamani ya mkoa huu mmoja anaanzia kwenye majalada ya mikoa miwili.

Leo Simiyu ina halmashauri sita, na waraka unaopita mikono mingi kuliko yote ni bajeti: kijiji, kata, baraza la madiwani, Sekretarieti ya Mkoa, TAMISEMI, Hazina, mpaka Bunge. PlanRep ya zamani ilikaa kwenye kompyuta za halmashauri, na maofisa walisafiri na mabunda ya makaratasi kwenda kupitiwa bajeti zao. Ukikosea kifungu kimoja, unachapa upya. Septemba 2017 PlanRep ya mtandaoni ikazinduliwa Dodoma, na sehemu kubwa ya safari hizo ikakosa sababu. Hayo ni mafanikio, nadhani hata wanaolalamikia mtandao watakubali.

Lakini kasi ndiyo sehemu rahisi ya mradi wa namna hii. Tuseme wanakijiji wa Itilima wameomba zahanati, na fedha zikapungua njiani. Ngazi ipi ilizipunguza, na kwa sababu gani? Programu inayohifadhi toleo lililoidhinishwa tu itakuonyesha jumla safi, iliyopangwa vizuri, isiyo na jibu.

Kwa hiyo kama unapanga mradi wa aina hii, kabla ya kuchora skrini yoyote kaa masjala wiki nzima. Muulize karani: jambo likirudishwa kwa marekebisho, dokezo la kwanza linakwenda wapi? Kwenye karatasi haliendi popote. Hata likikatwa kwa mstari wa kalamu, linabaki palepale, na bado linasomeka.