Ugavi wa umeme katika ala za muziki za kielektroniki

Ala za muziki za kielektroniki, kama vile vinanda vya umeme, sinthesaiza na mashine za ngoma, hupata umeme kwa njia mbili kuu: kupitia adapta iliyo nje ya ala, au kupitia mfumo uliojengwa ndani ya ala yenyewe. Kazi ya njia zote mbili ni moja. Umeme wa ukutani ni mkondo geu wenye volti nyingi (230 nchini Tanzania, 240 Kenya, 120 Marekani na 100 Japani). Saketi za ala huhitaji mkondo mnyoofu wenye volti chache.

Mfumo wa ndani

Katika mfumo huu transfoma, diodi na kapasita zimo ndani ya kasha la ala, na waya hutoka moja kwa moja hadi kwenye soketi ya ukutani. Mifano yake ni sinthesaiza za Yamaha DX7 (1983) na Korg M1 (1988). Faida yake ni uimara, tena hakuna adapta ya kupotea. Katika ala nyingi waya ni wa aina ile ile inayotumiwa na kompyuta za mezani, hivyo hupatikana kwa urahisi.

Hasara zake ni uzito na joto. Transfoma ikiwa karibu na saketi za sauti inaweza pia kuleta mvumo katika spika. Ukiharibika, ni lazima ala ifunguliwe na fundi, kwa kuwa kapasita huweza kubaki na chaji hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Adapta ya nje

Adapta hupunguza volti kabla umeme haujafika kwenye ala. Casio CZ-101 (1984), kwa mfano, ilitumia adapta ya volti 9 au betri. Kwa njia hii ala huwa nyepesi, na umeme hatari wa ukutani hauingii ndani yake. Mtengenezaji naye anaweza kuuza ala ile ile katika nchi nyingi kwa kubadilisha adapta tu. Adapta ikiungua, hununuliwa nyingine bila kufungua ala.

Hata hivyo, adapta hupotea au kuchanganywa na za vifaa vingine. Tundu lake kwenye ala pia hulegea kwa kuvutwavutwa.

Kuchagua adapta mbadala

Plagi kuingia vizuri kwenye tundu si uthibitisho kwamba adapta inafaa. Mambo manne hulinganishwa na maandishi yaliyo kwenye ala:

1. Volti: ziwe sawa na zilizoandikwa.
2. Aina ya mkondo: ala nyingi hutumia mkondo mnyoofu, lakini chache, kama mashine ya ngoma ya Alesis SR-16 ya awali, hutumia mkondo geu.
3. Ampea: zisipungue zinazotakiwa. Zikizidi hakuna madhara, kwa sababu ala huvuta kiasi inachohitaji tu.
4. Ncha: vinanda vingi vya zamani vya Casio vina ncha hasi katikati ya plagi, ilhali vya Yamaha vya volti 12 vina ncha chanya katikati. Mchoro mdogo wenye alama za + na − huonyesha mpangilio huo.

Kukosea volti au ncha kunaweza kuunguza saketi mara moja.

Ala kutoka nchi nyingine

Adapta za zamani zenye transfoma nzito hutengenezwa kwa volti za nchi moja. Adapta au ala ya volti 120 kutoka Marekani ikichomekwa kwenye umeme wa Afrika Mashariki huungua, isipotumiwa transfoma ya kushusha volti. Adapta nyingi za kisasa, ambazo ni nyepesi, huandikwa 100–240 V. Hizo huhitaji plagi inayolingana na soketi tu.