Maneno Yaliyobaki Kwenye Diski ya Zamani

Shangazi alinipigia simu Jumamosi moja ya Januari, mvua ikiwa imekatika tangu asubuhi. Alikuwa dukani kwake, Utemini. Shikamoo yangu aliipokea kwa haraka, kama mtu aliyeungua kidole.

"Baba, hii mashine imenisahau."

Nilidhani amesahau nywila. Nikamwuliza kama mafaili yake yapo. Akasema yapo yote, hata barua za mwaka 2012 zipo, hata zile picha za pasipoti za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Sasa kilichopotea ni nini? "Njoo uone mwenyewe," akasema, akakata.

Duka lake ni steshenari kama zilivyo steshenari zote za mji wa Singida: mashine ya kopi iliyochoka, shuka jeupe ukutani la kupigia picha, meza, na kompyuta aliyoinunua mwaka 2011 ikiwa imeshatumika Dar es Salaam. Watu huja kuchapiwa barua za kazi, mikataba ya viwanja, mihtasari ya vikundi vya kukopeshana, matangazo ya misiba. Tena wengi huja na kiapo cha majina. Asiyekijua kiapo cha majina ama ana bahati au hajawahi kufuatilia mirathi: ni karatasi unayoiapia kwa wakili ukithibitisha kwamba jina la cheti cha shule na jina la kitambulisho cha taifa, ingawa yameandikwa tofauti, ni la mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe.

Mwishoni mwa mwaka diski ya kompyuta hiyo ilianza kugonga. Ta, ta, ta, kimya, halafu ta, ta tena. Diski ya aina ile ina sahani zinazozunguka na mkono mwembamba unaosoma juu yake bila kuzigusa. Ukisikia mkono unagonga, kaburi liko karibu. Fundi alishauri diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka, ya gigabaiti 240. Ya zamani ilikuwa ya 500.

Hapo ndipo lilipoanzia tatizo, na simlaumu fundi. Njia ya kuhamisha kompyuta nzima kama ilivyo, pamoja na tabia zake zote, ni kuinakili diski yote kwa programu kama Clonezilla. Lakini Clonezilla, usipoibembeleza, hutaka diski mpya iwe sawa na ya zamani au iizidi. Unaweza kuipunguza kwanza sehemu yenye data, lakini nani atathubutu kuifanyia hivyo diski inayogonga, katika mtaa ambao umeme unaweza kukatika katikati ya kazi? Kwa hiyo alifanya wanachofanya mafundi wengi: alipiga Windows upya kwenye diski mpya, akaweka Word, kisha akahamisha makabrasha matatu, Documents, Desktop na Pictures. Mashine ikawaka kwa sekunde chache. Shangazi akafurahi, akalipa.

Siku iliyofuata alichapa tangazo la msiba. Ukurasa mzima ukawa mwekundu.

Nilipofika nilikuta ameuacha wazi ili niuone. Kila neno lilikuwa na mstari mwekundu wa mawimbi chini yake. Jina la marehemu, majina ya watoto, Ilongero, Mungumaji, Unyankindi. Hata neno "maziko". Word ilikuwa imerudi kuwa Mwingereza aliyeshuka jana.

Mimi niliyesomea mambo haya nilijua dawa: zima kikagua tahajia, mistari itoweke, kazi iendelee. Nikaanza kumweleza. Akanitazama kama ninayemshauri afunike mwiko kwa sufuria. "Miaka yote hiyo niliifundisha," akasema. "Neno likiwekewa wekundu, naliangalia. Kama ni sahihi, nailazimisha ikubali. Ikishakubali, siku nyingine nikikosea naona."

Ndiyo kusema tangu mwaka 2011, kila alipokutana na mstari mwekundu chini ya neno sahihi, alibofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuliongeza kwenye kamusi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna njia fupi. Alikuwa amekifundisha Kiswahili chombo ambacho hakikuletwa kwake kikikijua, neno moja moja, na juu ya Kiswahili akaongeza Singida.

Kilichoniumiza ni kwamba kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa na wengine kabla yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na mradi huohuo ulishughulikia pia ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili. Ilikuwa ya bure. Lakini programu ya bure nayo huhitaji mtu wa kuibeba, na kompyuta zilizokuja Utemini kutoka Dar zilikuja na Word ya Kiingereza iliyokwisha kuwekwa. Mwanafunzi wa kompyuta hucheka akisikia kisa cha shangazi. Mimi nilicheka pia, kidogo, kisha nikaona aibu.

Nchi hii iliwahi kuonja hasara ya kuhamisha tarakimu bila kuhamisha mazoea yanayozizunguka. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zikaanza kupelekwa humo, wataalamu wa ndani wakiwa wa kuhesabu kwa vidole. Kazi haikwenda; hesabu zikarudishwa kwenye utaratibu wa zamani, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mlango haukulegezwa mpaka miaka ya 1980. Kisa hicho kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha woga wa teknolojia. Mimi nakisoma tofauti. Karani wa Hazina alikuwa na mambo mengi ambayo hayakuandikwa popote: daftari lipi huaminiwa, nani hukosea tarakimu gani, safu ipi husahihishwa mwisho wa mwezi. Hayo hayatobolewi kwenye kadi.

Watengenezaji wa kompyuta wenyewe walichelewa kuliona jambo hili. Diski ya kwanza ya kuzunguka, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5. Ilikuwa ya kuhifadhi rekodi za biashara, haikuwa na haja ya kumjua mtu anayeitumia. Mazoea ya mtumiaji yalikuja kuandikwa baadaye, kwanza katika mafaili madogo ya maandishi, kisha, hasa kuanzia Windows 95, katika sajili moja kubwa ambayo mtu wa kawaida haifungui. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta msaidizi maalumu wa kuhamisha mafaili na mipangilio kutoka mashine moja hadi nyingine, na kabrasha kuu la mtumiaji liliitwa Documents and Settings. Kwa hiyo ilikuwa imeandikwa mlangoni kwamba humu ndani mna vitu viwili: nyaraka, na mipangilio yako. Vista ikabadilisha jina hilo likawa Users, na sehemu kubwa ya mipangilio ikaingizwa katika kabrasha liitwalo AppData, ambalo halionekani mpaka uamuru lionekane. Msaidizi wa kuhama aliendelea kwa jina jipya hadi Windows 7 na 8. Mwaka 2015, Windows 10 ilipotoka, hakuwemo tena. Siku hizi unatarajiwa kuyahifadhi hayo kwenye akaunti ya mtandaoni, jambo jema kwa asiyenunua intaneti kwa bando la siku.

Fundi wetu, basi, alihamisha kile kinachoonekana. Kamusi ya shangazi ilikuwa ndani ya kabrasha lisiloonekana.

"Diski ya zamani iko wapi?" nikauliza.

"Nilimwachia. Alisema kama itafaa kwa vipuri."

Tulifunga duka. Kibanda cha fundi hakiko mbali, lakini shangazi alitembea mbele yangu kama anayewahi basi la Dodoma, akipita katikati ya madimbwi. Fundi alikuwa anakula. Diski ilikuwa kwenye ndoo pamoja na wenzake kumi hivi, wote wamelala chali, na nakiri kwamba moyo ulinidunda. Alikuwa hajaifomati. Akanawa mikono, akaitafuta kwa namba aliyoiandika kwa peni nyekundu, akaifunga kwenye kisanduku cha USB, tukakaa kimya sote watatu kusikiliza.

Ta, ta. Kimya. Ta. Kisha ikazunguka.

Nilijua haina muda. Nikaingia kwenye jina lake la mtumiaji, nikaamuru vilivyofichwa vionekane. Windows ikasema sina ruhusa ya kufungua kabrasha hilo. Nikabofya kuendelea, mstari wa kijani ukasogea taratibu mno. AppData, Roaming, Microsoft, UProof. Humo mlikuwa na faili moja tuliyoitaka: CUSTOM.DIC. Udogo wake ulinishangaza. Picha moja tu ya pasipoti ilikuwa kubwa kuliko miaka yake yote ya kufundisha. Nikainakili mara mbili, kwenye flashi na kwenye kompyuta ya fundi, kabla sijapumua.

Kisha tukaifungua. Ni maandishi matupu, neno moja kila mstari. Mlikuwa na maneno ya ofisini: mheshimiwa, husika, mtendaji, mwenyekiti. Mlikuwa na alizeti na mtama. Kisha majina. Ntandu. Mghenyi, na Mughenyi, na Mughenyii. Nikasema haya ni jina moja lililoandikwa vibaya, tuyasafishe.

"Acha hapohapo," shangazi akasema. "Hao ni watu watatu."

Akanieleza kila mmoja alivyotaka jina lake liandikwe, na kwa nini. Sauti za Kinyaturu hazikai vizuri kwenye kalamu ya karani. Mmoja alipewa irabu ya ziada na mwalimu wa darasa la kwanza, mwingine aliongezewa herufi kwenye kitambulisho, na wote wawili waliishia kwake wakichapa kiapo cha majina. Yule wa tatu alikuwa amekufa. Mirathi yake bado.

Nilifikiria jina la kata yenyewe. Utemini hubeba utemi, na machifu waliondolewa madaraka kwa sheria mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru wa Tanganyika. Mtemi alikwenda, neno likabaki kwenye mihuri ya serikali iliyomwondoa. Hakuna aliyelihamisha kwa makusudi. Watu waliendelea tu kulitamka.

Kurudi dukani ilikuwa kazi fupi. Nikafunga Word, nikaweka faili mahali pake kwenye diski mpya, juu ya ile tupu, nikafungua tena lile tangazo. Mistari ilitoweka kwa makundi, ukurasa ukawa mweupe, isipokuwa sehemu moja: "matanga" ilikuwa imechapwa "mantanga". Shangazi akaisahihisha bila kusema neno.

Lakini nilikuwa nimeona kitu kingine kwenye orodha, na sikuweza kunyamaza. Kati ya mkutano na mkuu palikuwa na "mkutono". Siku moja, labda mwaka 2013, labda akiwa amechoka, alibofya kukubali kosa lake mwenyewe, na tangu hapo mashine imelipitisha kila lilipojitokeza. Tukatafuta katika nyaraka zake. Mihtasari kumi na tisa ya vikundi vya Utemini ina "mkutono" ndani yake, imesainiwa na kupigwa mhuri.

Shangazi alicheka hadi akashika meza. Hilo alikubali lifutwe. Kisha akachomoa flashi, akaifunga kwenye kipande cha bahasha, akaandika juu yake kwa kalamu "MAJINA", akaitumbukiza kwenye kopo la stakabadhi. Mteja alikuwa ameshasimama mlangoni na cheti mkononi, akiuliza kama hapa ndipo wanapochapa kiapo.