Namba Isiyo na Mwenziwe

Mazungumzo yetu ya leo yahusu hesabu, na atakaye na atwae kalamu na karatasi afuatane nasi.

Tuitwae namba 10. Katika namba zote tangu 1 hata 10, ni 1, 3, 7 na 9 tu ambazo hazina kigawanyo kimoja na 10 isipokuwa 1. Jumla yake ni nne; basi twasema idadi ya 10 ni 4. Tukianza na 1 na kufanya vivyo hivyo kwa kila namba, twapata mfululizo huu: 1, 1, 2, 2, 4, 2, 6, 4, 6, 4, na kuendelea. Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, alichapisha habari za idadi hizi mwaka wa 1763.

Mfululizo huu una ajabu moja. Idadi 1 yatokea kwa namba 1 na 2. Idadi 2 kwa 3, 4 na 6. Idadi 4 kwa 5, 8, 10 na 12. Haionekani hata moja itokeayo mara moja tu. Je, ndivyo ilivyo daima?

Mwaka wa 1907 Robert Carmichael, mtaalamu wa Marekani, alitangaza kuwa amekwisha kulithibitisha jambo hili. Mwaka wa 1914 akalitia katika kitabu chake liwe zoezi la wanafunzi.

Nusu ya kazi ni nyepesi kweli. Namba witiri yoyote ukiizidisha kwa 2, idadi yake haibadiliki: 5 na 10 zina 4, 7 na 14 zina 6. Hivyo kila witiri ina mwenziwe, na maradufu yake kadhalika. Zabaki namba zigawanyikazo kwa 4. Nyingi katika hizo mwenziwe hupatikana upesi, walakini nyingi si zote, na hapo ndipo mtaalamu alipoteleza.

Carmichael hakuficha. Mwaka wa 1922 aliandika waziwazi kuwa uthibitisho wake ulikuwa na kasoro, akaonyesha ya kwamba namba isiyo na mwenziwe, kama ipo, haina budi kuwa na tarakimu zisizopungua 37. Mwaka wa 1947 Victor Klee aliupandisha mpaka huo ukapita tarakimu 400. Mwaka wa 1998 Kevin Ford akaufikisha tarakimu zaidi ya milioni elfu kumi. Hata hivyo hakuna aliyethibitisha kuwa namba hiyo haipo, wala aliyeiona.

Wazee husema kosa moja haliachi mke. Jina la Carmichael halikupotea kwa kosa lake. Swali lenyewe laitwa kwa jina lake hata leo. Nasi twajifunza ya kuwa mifano, ijapokuwa mingi kama mchanga wa pwani, si uthibitisho, na ya kuwa mwalimu aungamaye kosa lake huwaachia wanafunzi kazi ya kweli.