Jani Baridi la Uchina

Mtaa wa Kianda umo upande wa magharibi wa Kibera, katika mji wa Nairobi, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Katika mwinuko huo malaria haistawi. Lakini wakazi wengi wana jamaa zao karibu na Ziwa Viktoria, na pengine msafiri arudiye kutoka huko huja na homa mwilini. Akipimwa zahanatini na kuonekana ana malaria, hupewa vidonge vya mseto. Asili ya vidonge hivyo ni jani lililosifiwa na waganga wa Uchina kabla mji wa Nairobi haujakuwapo hata kwa jina.

Mmea huo, qinghao, ni jamaa ya pakanga. Wachina waligawa dawa zao katika joto na baridi, kama wazee wa pwani yetu walivyovigawa vyakula, na qinghao wakauhesabu katika dawa baridi, zitulizazo homa. Katika karne ya 4 Ge Hong aliagiza kwamba mgonjwa wa homa za vipindi aroweke konzi ya majani katika maji, ayakamue, kisha anywe maji yake. Moto hakuutaja.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya Uchina iliwaamuru wataalamu wake watafute dawa mpya ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Tu Youyou aliujaribu qinghao, lakini matokeo yalikuwa leo hivi, kesho vingine. Aliporejea maagizo ya Ge Hong alifikiri kuwa huenda moto ndio uiharibuo dawa. Basi mwaka 1971 aliitoa kwa etha, kimiminika kichemkacho kwa nyuzi 35 tu, na panya wagonjwa wakapona. Mwaka 1972 kiini chake, artemisinini, kilipatikana kikiwa safi. Na mwaka 2015 bibi huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Sidai kwamba waganga wa kale waliuita mmea baridi kwa sababu ya kuchukia kwake moto, ila mlingano huo wapendeza.

Kenya iliichagua dawa ya mseto mwaka 2004, na mmea wenyewe umelimwa Kenya, Tanzania na Uganda. Ndipo wengine wakaanza kunywa chai ya majani yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikataza kuitumia chai hiyo kwa malaria: kiasi cha dawa katika majani hakilingani, na dozi pungufu huviacha hai vijidudu vilivyo imara. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba kaskazini ya Uganda vimeonekana vijidudu vinavyoistahimili artemisinini.